Nukta Iliyowapeleka Wawili Chumba cha Mahututi

Mwezi Machi 2015, katika Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, wanafunzi wawili wa sayansi ya michezo walijitolea kunywa kafeini ili ipimwe inavyoathiri mazoezi. Kila mmoja alipaswa kupata gramu 0.3. Akapewa gramu 30 na ushei. Hesabu ilifanywa kwa simu ya mkononi, nukta ya desimali ikakaa pasipo pake. Walilazwa chumba cha mahututi, damu yao ikasafishwa kwa mashine. Tunashukuru walipona. Januari 2017 mahakama ilikitoza chuo faini ya pauni 400,000.

Ndugu msomaji, tusikimbilie kulaumu. Nukta inaweza kumponyoka yeyote kati yetu, mwalimu kwa mwanafunzi. Kinachosikitisha ni kwamba dalili zilikuwepo.

Awali chuo kilitumia vidonge, kisha kikahamia unga. Kidonge kikiwa na miligramu 100, gramu 0.3 ni vidonge vitatu, na hakuna ambaye angekubali kumeza mia tatu. Unga hauhesabiki hivyo. Ulihitaji jicho kali zaidi. Tena, gramu 0.3 hukaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, ilhali gramu 30 ni rundo. Na maji yenyewe yana mpaka: lita moja ya maji yasiyo moto huyeyusha takribani gramu 20 tu za kafeini. Ukiona mashapo usiyoyatarajia chini ya glasi, simama hapo hapo.

Tunapofundishwa moli na ukolezi, hatari ni ile ile. Moli moja ya kafeini ni gramu 194. Gramu 0.3 ni moli 0.0015, gramu 30 ni moli 0.15. Kwenye daftari, zote mbili ni namba ndogo, wala hazimshtui mtu. Mwilini zinatofautiana mara mia.

Basi tujizoeze. Andika kizio katika kila hatua: gramu, moli, lita. Kadiria jibu kabla ya kugusa kikokotoo. Mpe mwenzako akokotoe upya bila kuona jibu lako. Kisha tazama kilicho juu ya mizani, ujiulize kama kinalingana na ulichokadiria. Kisipolingana, usimpe mtu anywe. Rudi kwenye hesabu, hata kama darasa zima linakusubiri.