Kiungo Kwanza, Nakshi Baadaye

Wanangu wa Kasingirima, nawaona mnavyopitishiana simu mkitazama visu vya mawimbi, vile vinavyoitwa vya Dameski. Mnataka kuvifua. Mimi nafurahi, kwa sababu nyundo, fuawe na makaa tunavyo. Ila nakshi msiikimbilie. Kazi yenyewe iko kwenye kiungo, mahali tabaka moja la chuma liliposhikana na jingine.

Wala msidhani pua, yaani chuma kigumu, ni elimu ya wageni. Wafipa, kusini mwetu kando ya Ziwa Tanganyika hilihili, walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakapata chuma kutoka kwenye mawe, kisha wakakisafisha katika tanuri dogo. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wahunzi wa Buhaya walikuwa wakipata pua tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Na mwanajiografia al-Idrisi, mwaka 1154, aliandika kuwa chuma cha Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kilisafirishwa hadi India, kikafuliwa panga zenye sifa.

Sasa motoni. Springi ya lori ni chuma kizuri, lakini nyingi zina kromiamu, nayo huleta utando unaozuia vipande kushikana. Jifunzieni tupa iliyokwisha pamoja na msumeno wa mkanda kutoka kiwanda cha mbao. Tupa ina kaboni nyingi, itakuwa nyeusi. Msumeno wenye nikeli utabaki mweupe. Ondoeni meno yote, sugueni mpaka ving'ae, mpange vipande saba kwa kupishana. Chochote chenye rangi ya bati msikitie motoni kabisa: moshi wa zinki unaumiza mapafu.

Nyunyizeni boraksi, unga uleule wa masonara. Chuma kiwe cha njano inayokaribia weupe, na boraksi itokote juu yake kama mawese sufuriani. Kikianza kurusha cheche kinaungua, kitoeni upesi. Mapigo ya kwanza yawe mepesi, kuanzia katikati kwenda pembeni, uchafu utoke. Hapa ndipo vijana wanapoharibu: wanatwanga kwa nguvu zote, tabaka zinateleza. Mkishakunja mara tano, saba zimekuwa 224.

Kila mara kabla ya kukunja, sugueni ubavu mtazame, tena juani. Mkiona mstari mweusi, hapo hapajashika. Rudisheni motoni au kateni mtupe. Msiufiche kwa nyundo! Kisu hicho kitafika mwaloni Kibirizi kupasua samaki, migebuka; maji yataingia ufani, kutu ile ndani kwa ndani, na siku kikikutana na mfupa kitafunguka mkononi mwa mama wa watu. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa mteja hana namna ya kuona ulichokiona wewe.

Kutia matiko mnakujua: pasheni kisu mpaka sumaku isishike, ongezeni moto kidogo, mchovye kwenye mafuta yaliyopashwa. Kisha kirudieni kwa joto la nyuzi 200 hivi, sehemu iliyosuguliwa igeuke rangi ya majani makavu. Asiyekirudia anauza kisu kitakachovunjika.

Mwisho ndipo siki ya moto au tindikali inapoonyesha mawimbi. Na hapo watakuja wa kuwafundisha njia ya mkato: kuchora mawimbi kwa nta juu ya kisu cha kawaida, kukichovya tindikali, kisha kudai bei ya tabaka. Wakataeni. Mchoro ule uko juujuu, ukisuguliwa umekwisha. Wa kweli unapita mpaka ndani. Kwa hiyo mnunuzi akiwa na shaka, msibishane naye. Sugueni kipande kidogo cha bapa mbele yake mpaka king'ae, mpake siki, msubiri naye. Mawimbi yakirudi, tajeni bei yenu bila kuona haya.