Mkanda wa Bei na Mkanda wa Kazi

Ninalo gari la zamani, Volkswagen aina ya Beetle ya mwaka 1971, ambalo nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa katika kituo chochote cha kazi. Nililinunua mwaka 1986 kwa mkufunzi mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Majirani walinicheka kwamba nimenunua kobe. Nami niliwajibu kwamba kobe wa namna hii walishinda mashindano ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na tena 1962, wakipita katika matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yenye sura nzuri zaidi yakabaki njiani.

Sasa macho yangu hayaamini tena barabara ya usiku, na nimeamua kumkabidhi mtu mwingine. Kabla ya kumkabidhi nimelazimika kuchagua vipuri vichache vya injini: mkanda wa feni, pointi, kondensa, rota, na plagi nne. Mtu angedhani ni kazi ya asubuhi moja. Mimi imenichukua wiki tatu, na sababu siyo uhaba wa vipuri.

Msomaji asiyelijua gari hili aniruhusu nimweleze jambo moja. Injini yake iko nyuma, wala haina maji. Hupozwa kwa upepo. Mkanda mmoja tu wa mpira huizungusha dainamo, na feni imefungwa kwenye mhimili wa dainamo hiyo hiyo, upande wa pili. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka mbele ya dereva. Aliyezoea magari ya maji atasema, betri haichaji, nitaangalia nikifika. Katika gari hili taa hiyo inamwambia asimame pale pale, maana injini imekosa pumzi, na akiendelea ataiunguza.

Mwaka 1995 niliingia duka moja la spea mjini Mwanza kununua mkanda huo. Mwenye duka aliweka miwili juu ya meza. Alikuwa mtu mkweli, nami namshukuru kwa hilo hata leo. Aliniambia, "Mwalimu, huu ni wa bei, na huu ni wa kazi." Ule wa kazi ulikuwa karibu mara tatu ya mwenzake. Mshahara ulikuwa umechelewa, ada za watoto zilikuwa zinadaiwa, nikauchukua ule wa bei. Nikamtania kwamba gari lenyewe halitoki nje ya mji.

Halikuwa neno la kweli, nami nilijua. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kijijini kwetu, upande wa Magu, na kule gari langu ndilo lilikuwa gari la kila mtu. Miezi miwili baadaye, usiku, jirani alibisha hodi akiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka sita, mwili unawaka na anatetemeka kwa degedege. Tulimlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa baba yake, tukaelekea Mwanza. Tulipokaribia Nyanguge taa nyekundu ikawaka.

Nilisimama. Mabaki ya mkanda yalikuwa yamejisokota kwenye puli kama ganda la muwa. Wa akiba sikuwa nao. Tulikaa pale karibu saa nzima, baba anamwita mtoto jina lake kila baada ya muda, mimi nimesimama barabarani na tochi. Hatimaye likaja lori la sangara kutoka upande wa Musoma. Dereva wake, ambaye sikupata kumjua hata jina, alivunja barafu ya samaki, akaifunga kwenye kitambaa, akampa baba amwekee mtoto kwenye paji la uso, akawapakia mbele pamoja naye. Mimi nilibaki na kobe wangu hadi asubuhi.

Mtoto alipona. Ila sikio lake la kushoto halikusikia tena. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya ile saa moja ya barabarani, wala hakuna awezaye kusema hivyo, kwani malaria ya kichwani huweza kuacha alama ya namna hiyo hata kwa mtoto aliyewahishwa.

Wiki iliyofuata baba yake alikuja kwangu na jogoo mwekundu. "Bila gari lako, Mwalimu, leo tungekuwa na matanga." Nikampokea jogoo, nikashukuru. Tulimla Jumapili. Sikusema neno juu ya mikanda miwili iliyolala juu ya meza ya duka. Bwana yule alifariki mwaka 2011 akiwa bado ananishukuru.

Tangu hapo nimekuwa wakili wangu mwenyewe, na nakiri kwamba ni wakili hodari. Utetezi wake wa kwanza ni kwamba kama nisingekuwa na gari kabisa, mtoto angechelewa zaidi. Ni kweli tupu. Lakini kila nikiugeuza utetezi huo naona unajibu swali ambalo sikuulizwa. Unaeleza gari lilifanya nini barabarani, wakati mimi naulizwa nilifanya nini dukani.

Utetezi wa pili ni umaskini, na huo siupuuzi, maana tuliofundisha miaka ile tunajua kugawanya mshahara mmoja mara nne. Maskini ana haki ya kununua cha bei nafuu, na sipendi wenye nacho wanaomhubiria kwamba rahisi ni ghali. Methali hiyo, hata ikiwa kweli, inapiga hesabu ya mfuko wa mnunuzi peke yake. Haimjui abiria. Kama ningekuwa nasafiri peke yangu, mkanda wa bei ungekuwa ubahili au uhitaji wangu, na gharama yake ningeilipa kwa miguu yangu. Lakini nilikwisha kukubali, kwa miaka kadhaa na kwa fahari kidogo, kuitwa mwenye gari. Watu walikuja usiku kwa sababu walilitegemea. Tegemeo lao nililipokea kama heshima, na nilipofika dukani nikalisahau kama deni.

Nami nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu! Nilikuwa nikiwaambia wanachuo wangu kwamba mwalimu asiyeandaa somo huwaibia watoto wasioweza kujua kwamba wameibiwa. Waliandika katika madaftari yao. Jirani yangu naye hakuweza kujua, na kwa sababu hiyo alileta jogoo.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Msiba ule ulikuwa na mambo yake, na tume iliundwa kuyachunguza. La hasha, siulinganishi na mkanda wa gari langu. Lakini kwa miezi mingi mji mzima ulikuwa ukiuliza ni nani aliyesema "itafika tu", nami katika mazungumzo hayo nilikuwa kimya kuliko kawaida yangu.

Asidhani mtu kwamba sasa nimekuwa mnunuzi wa kila kilicho ghali. Wapo wanaouza feki kwa bei ya orijino, ndani ya boksi zuri. Mkanda niliushika mkononi na kuupinda nione kama mpira umekauka kwa kukaa dukani, nikausoma namba, kwani wa injini yenye dainamo na wa yenye altaneta hutofautiana milimita chache tu, na muuzaji mvivu atakuambia ni ule ule. Mmoja niliurudisha. Plagi hazikunisumbua.

Kwenye pointi tulibishana na fundi wangu wa Mabatini. Yeye alitaka tuziondoe kabisa, pamoja na kondensa, tuweke kifaa cha kielektroniki ndani ya distributa. Alikuwa na hoja: hakichakai, hakidai kurekebishwa. Nilikataa. Pointi huchakaa polepole na hukuarifu. Gari huanza kuwaka kwa shida, hukohoa kwenye mlima, nawe ukiwa na bisibisi na kipimo cha milimita 0.4 unaweza kuzirekebisha kando ya njia. Kile kifaa kikifa hufa bila kuaga, na Nyanguge usiku hakuna wa kukifufua. Fundi alisema mimi ni mzee wa kizamani. Huenda. Kondensa nilinunua mbili.

Ninayemkabidhi gari ni yule mtoto. Ana miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa sekondari, na kule kijijini bado watu wanabisha hodi usiku. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliomba. Jumamosi iliyopita aliendesha, mimi nikakaa kiti cha abiria, yaani upande wa sikio lake lisilosikia, na kwa hiyo nilikuwa na kisingizio cha kunyamaza hadi Igoma na kurudi. Tulipofika nyumbani nilimwomba afungue injini nimwonyeshe mkanda: jinsi ya kuubonyeza kwa kidole gumba katikati, uingie kama sentimita moja na nusu, isizidi sana, na jinsi washa zinavyotolewa katikati ya puli ili kuukaza, kisha hizo zilizotolewa hazitupwi bali hufungwa kwa nje chini ya nati.

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya ile mikanda miwili. Nilimwambia yote, na bei, na jogoo. Aligeuza kichwa kama afanyavyo siku zote, sikio la kulia likaja upande wangu, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kimya muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya puli.

"Nati hii, Mwalimu," akauliza, "ni spana namba ngapi?"

Nikamwambia ishirini na moja.