Mlango wa Jumba la Nero Umefungwa: Tumekosa Nini?



Aya ya 9 ya Suratur-Rum tunaisikia sana katika darsa. Mwenyezi Mungu anawauliza waliokanusha kama hawakutembea duniani wakaona walivyoishia wale wa kabla yao, watu waliowazidi nguvu na ujenzi. Wengi tunaichukua kuwa ruhusa ya kusafiri, na wengine huiona ni amri. Basi nauliza: mtu akajinyima, akasafiri, akafika kwenye magofu na kukuta yamefungwa kwa matengenezo, amekosa nini hasa? Na kuna swali gumu zaidi nyuma ya hilo. Ikiwa funzo la magofu ni kwamba kila jengo litaanguka, kwa nini watu wahangaike kuyazuia yasianguke?

Nichukue mfano wa mji wa Roma wenyewe. Mwaka 64 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mfalme wao, Nero, akajitwalia eneo kubwa lililoungua na kujenga jumba liitwalo Domus Aurea, yaani Nyumba ya Dhahabu. Lilikuwa na ziwa la kuchimbwa, bustani, na sanamu ya shaba ya kimo cha karibu mita 30. Inasimuliwa kwamba alipoliona limekwisha alisema sasa ndipo anaanza kuishi kama binadamu. Hebu fikiri, katika mji uliotoka kuungua!

Miaka minne baada ya moto, mwaka 68, alijiua. Waliomrithi walilionea haya jumba lile. Vespasian alilikausha ziwa na mahali pake akaanza kujenga Colosseum. Trajan akavishindilia vyumba kifusi, na juu yake akajenga hamamu za umma. Ajabu ni kwamba kifusi kilichokusudiwa kulizika ndicho kilichozitunza rangi za kutani, hadi mwishoni mwa karne ya 15 wachoraji walipoanza kushuka mashimoni kwa kamba kuja kuzitazama.

Leo juu ya jumba hilo kuna bustani ya watu wote. Mizizi ya miti hupenya matofali, maji ya mvua huchuruzika ndani, na udongo ukilowa huzidi uzito. Mwishoni mwa 2005 lilifungwa, likafunguliwa kidogo, likafungwa tena. Machi 2010 kipande cha paa kikaporomoka. Wageni walirudishwa Oktoba 2014, mwisho wa juma tu, wakiwa na kofia ngumu kichwani kama vibarua. Siku nyingine mafundi waliendelea na kazi.

Kuna atakayesema kutumia fedha kwa nyumba ya dhalimu ni israfu. Nami niliwahi kuwaza hivyo. Lakini Suratu Yunus, aya ya 92, inatueleza kwamba mwili wa Firauni uliokolewa ili uwe ishara kwa watakaokuja baada yake. Kwa hiyo kuhifadhi alama ya dhalimu hakupingani na mazingatio. Linalobaki ni namna ya kuhifadhi. Ukilirudishia jumba dhahabu yake, mgeni atatoka akitamani maisha ya Nero. Ukilizuia tu lisibomoke, likabaki na kuta zake zilizovuliwa marumaru, ataona pia mikono ya waliolivua. Tangu 2017 wageni huvishwa miwani ya kompyuta inayowaonyesha chumba kilivyong'aa zamani. Naweza kuipinga miwani hiyo, ila naona faida yake iko pale mtu anapoivua na kujikuta tena gizani, kwenye baridi na matofali matupu.

Tukirudi kwa aliyekuta pamefungwa, tukumbuke safari ya Tabuk. Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, kwenye makazi ya Thamud, aliwakataza Maswahaba kuingia ila wawe wanalia, akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo. Sisemi hukumu ya Hijr ihamishiwe Roma kwa pupa. Thamud walishukiwa na adhabu tuliyoelezwa, na qiyas ina wenyewe. Nachukua adabu tu. Maswahaba wale walitazama kidogo sana, na hapana anayesema walirudi mikono mitupu. Sisi tukisimama langoni tumenuna, mara nyingi tunachokililia ni picha ya kutuma kwa marafiki.

Hata hivyo sitaki hoja hii iwe godoro la wavivu, mtu aseme ibra ninayo hapa hapa hosteli, nisafiri ya nini. Aya imetaja kutembea, na miguu ina elimu yake. Ramani haikwambii jumba lilikuwa kubwa kiasi gani. Hilo hulijua kwa kulizunguka hadi uchoke, hata kama hukuingia.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukijaaliwa kufika na ukute pamefungwa, usigeuke upesi kurudi hotelini. Panda kilima cha Oppio uketi kwenye benchi. Watoto wanacheza mpira, wazee wanaota jua, mbwa wanafukuzana. Mita chache chini ya mpira ule ndipo zilipo kumbi za mtu aliyedhani ameanza kuishi kama binadamu, na mafundi wanahangaika watoto wasije wakamwangukia.