Honi ya Upepo

Dereva mmoja wa daladala ya Gongo la Mboto alikuwa na wivu wa sauti. Gari la mwenzake likinguruma kuliko lake, usingizi haumjii. Akaenda gereji kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo mzee. Nitolee sailensa, halafu unifungie honi ya lori, ile ya upepo."

Mzee akafuta mikono kwa tambara. "Marahaba mwanangu. Kuitoa ni kazi ndogo. Lakini abiria atashuka, mwenye duka atafunga aende zake. Wewe utabaki na kelele hiyo tangu alfajiri hadi usiku. Wa kwanza kuumia ni wewe."

Dereva akacheka, akatafuta fundi mwingine. Kazi ikafanyika siku hiyohiyo.

Kweli, barabara ilimjua. Kwenye foleni ya Buguruni alipiga honi hata taa ikiwa nyekundu, utadhani taa ina masikio. Wenzake nao, ili wasikike, wakafunga honi kubwa zaidi. Haukupita muda, wote wakawa sawa tena, ila sasa kituo kizima kilizungumza kwa kufoka. Mama ntilie aliuliza mara tatu: wali au ugali?

Miaka ikapita. Asubuhi moja mama mmoja alikuwa akishuka, mguu mmoja chini, mwingine ungali ngazini. Konda akagonga bodi, akapaza sauti: "Subiri!" Dereva akaondoa gari. Mama akaanguka, mguu ukavunjika.

Mbele ya trafiki dereva aliapa kwamba hakusikia, na hakuwa akidanganya. Hospitali walipompima masikio walikuta yamekwisha. Daktari akamweleza: kelele ya desibeli 85, sikio huivumilia kwa muda wa saa nane kwa siku, ikifika 88, saa nne, ikifika 91, saa mbili tu. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda hukatwa nusu. Na vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa, havioti tena.

Alirudi kwa yule mzee. Sailensa ikafungwa, honi ya lori ikang'olewa. Mzee alipomwambia bei, dereva alitega kiganja sikioni, akamwomba arudie.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani.