Jiwe Halisemi Yote

Shule zikifungwa, mzazi mwenye nafasi huwachukua watoto wake kwenda kutembea. Jambo hili ni jema, wala si israfu ikiwa matumizi ni ya kadiri. Lakini yatupasa tujiulize: twawapeleka wakaone nini? Na wakishaona, ni nani atakayewapa maana yake?

Tuchukue mfano wa Kilwa Kisiwani. Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, utaonyeshwa Msikiti Mkuu, kisha magofu ya Husuni Kubwa yanayoelekea bahari. Jumba hilo la vyumba zaidi ya 100 lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14. Mtoto atayatazama mawe yale na kusema, "Kumbe mtu huyu alikuwa tajiri!" Amesema kweli, lakini jiwe halitamwambia zaidi ya hapo.

Sasa kifungueni kitabu cha safari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Asimulia kuwa Sultani huyo alilakabiwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Siku moja ya Ijumaa, alipokuwa akitoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo zile zile alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Jumba lake limebomoka. Nguo zile zasimuliwa hata leo, karibu miaka 700. Basi mtu hubakiwa na alichotoa, si alichojijengea.

Lakini ukurasa huo huo una neno jingine, na si haki mzazi kuliruka. Mwana wa Sultani alizichukua nguo zile kwa fakiri akampa watumwa 10 badala yake. Naye Sultani akamwongezea 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tena kitabu chasema kwamba Sultani alikuwa akienda kuwashambulia watu wa bara na kurudi na ngawira. Mtoto mwerevu atauliza, "Watu hao walikuwa mali ya nani, hata wakatolewa pamoja na pembe?"

Wako watakaosema, "Mwache mtoto apumzike, usimvunjie heshima ya wazee wake." Sivyo. Mtoto akifichwa aibu ya waliopita, siku moja ataambiwa na mtu asiyewapenda, na hapo hata mema yao atayadhani uwongo. Akiambiwa na babake au mamake, atajifunza mambo mawili pamoja: kwamba kutoa ni wema, na kwamba wema haukamiliki mpaka tujue kilichotolewa kimepatikana vipi.

Na mizani hiyo itatupima sisi wenyewe. Yupo kati yetu atoaye sadaka mbele ya watu, na huku mtumishi wake wa nyumbani adai mshahara wa miezi miwili. Je, sadaka hiyo ni ya nani?

Basi, ndugu msomaji, likizo ijayo tieni kitabu katika mizigo yenu. Nauli ya mbali isipopatikana, nendeni mkautazame msikiti wa kale wa mtaa wenu. Jioni someni kwa sauti, na mtoto akiuliza swali zito, asinyamazishwe. Ajibiwe kwa kweli, hata ikiwa kweli yenyewe inatugusa sisi.