Nimeokoka au Nimeokolewa?

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda. Katika miaka iliyofuata Uamsho wa Kikristo ukaenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakaitwa Balokole, yaani waliookoka, nasi tukalifanya neno hilo kuwa letu: walokole. Uzito wa ushuhuda wao umo katika kiambishi kimoja, -me-. Mkristo mwingine angesema kwa unyenyekevu, "Natumaini nitaokoka." Mlokole alisema, "Nimeokoka": jambo limeshatendeka na hali yake ingalipo, kama asemavyo mtu "nimekaa" akiwa bado kitini. Je, binadamu anaweza kutamka hivyo bila kujikweza? Naona anaweza, tena si shujaa wa imani peke yake. Kila mwamini, hata yule anayetetemeka, anayo haki hiyo, kwa kuwa msingi wa hakika yake haumo ndani yake.

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Methali hiyo humkumbusha mtoa ahadi, kwa maana mzigo wa ahadi humkalia aliyeitoa, si aliyeipokea. Mtu aliyeahidiwa shamba na mjomba wake hajiulizi kama yeye mwenyewe ni mkweli. Huuliza mjomba ni mtu wa namna gani, na ahadi zake za nyuma ziliishia wapi. Waraka wa kwanza wa Yohana (5:13) unaeleza kwamba umeandikwa ili wanaomwamini Mwana wa Mungu wajue kuwa wanao uzima wa milele. Kitenzi hapo ni kujua, si kubahatisha, na walengwa ni waamini bila kutenganisha wakomavu na wachanga. Mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakupata nafasi ya kubatizwa, kufunga wala kutoa zaka. Alipata neno tu, kwamba siku ileile angekuwa peponi (Luka 23:43), na neno hilo lilimtosha. Haki na hakika ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na hapa yanakutana tena: aliyeahidiwa ana haki ya kuwa na hakika.

Mwenye busara atapinga. Ahadi hii ina sharti, nalo ni imani. Nitajuaje basi kwamba naamini kweli na sijidanganyi? Je, mzigo haukurudi kwa mpokeaji kwa mlango wa nyuma? Pingamizi hili lina nguvu, ila linaichukulia imani kama mali ya ghalani, ya kuhesabiwa kila jioni. Imani ni kuegemea, na anayeegemea hapimi uzito wa mwili wake, hutazama uimara wa nguzo. Mtazame mama anayembeba mwanawe kwa mbeleko. Huinama, humlaza mtoto mgongoni, hupitisha kanga juu yake, huvuta ncha mbili na kukaza fundo kifuani. Mtoto huishika nguo ya mama kwa vidole vyake, na kushika huko ni kwa kweli. Lakini akipitiwa na usingizi vidole hulegea, wala haanguki. Kinachomzuia ni fundo, na fundo hakulifunga yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule baba wa Marko 9:24, aliyekiri kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba imani yake ina upungufu. Mwanawe aliponywa vilevile.

Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la Januari 1547, ulikataa kwamba mtu anaweza kujua kwa hakika ya imani kuwa amepata neema ya Mungu. Tusiudharau. Mtaguso huo ulisisitiza kwamba mcha Mungu hapaswi kutilia shaka huruma ya Mungu wala stahili za Kristo. Hofu humjia anapoutazama udhaifu wake mwenyewe. Basi hata kwa hesabu ya Trento, shaka huzaliwa jicho linapogeuka kutoka kwa aliyeahidi na kujitazama. Tofauti ni kwamba ahadi yenyewe ilitolewa kwa wadhaifu, na udhaifu ulikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Huko Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja lililokiri kwamba waamini wanaweza kuzitegemea rehema na ahadi za Mungu. Ilichukua miaka 452.

Na mwamini asiyeihisi hakika hiyo? William Cowper, mshairi Mwingereza, alitunga tenzi za kumsifu Mungu akiwa na rafiki yake John Newton. Kitabu chao kilitoka mwaka 1779. Lakini tangu mwaka 1773, baada ya ndoto ya kutisha na ugonjwa wa akili, Cowper aliamini kuwa yeye binafsi amelaaniwa, na hofu hiyo ilimfuata hadi alipofariki mwaka 1800. Tukiifanya hakika kuwa hisia, tutamhukumu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Haki ya kujua ni jambo moja, na kuonja utamu wa kujua ni jingine. Mrithi asiyejua kusoma wosia hajaacha kuwa mrithi.

Lililobaki ni hatari ya kubweteka. Rwanda, iliyokuwa chemchemi ya Uamsho, ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa na kuimba kwaya. Hakuna hoja inayopaswa kupita hapo haraka. Lakini waraka uleule wa Yohana unaotoa hakika unasema kwamba anayedai kumpenda Mungu huku akimchukia ndugu yake ni mwongo (4:20). Hakika hiyo ni ya waamini, haikuwahi kuwa ya wenye vyeti vya ubatizo. Matendo hayafungi fundo, ila huonyesha nani amebebwa.

Hapo sarufi yetu inatusaidia tena. "Nimeokoka" ni kauli ya kutendeka, nayo inaweza kusemwa bila kumtaja mtenda, ndiyo maana wengine huisikia kama majivuno. "Nimeokolewa" ni kauli ya kutendwa, nayo humfanya msikilizaji aulize: na nani? Mwamini anayeulizwa kuhusu wokovu wake na ajibu kwa kauli hiyo ya pili, kisha amtaje aliyemwokoa.