Sahani Utakayodumu Nayo

Katika kupunguza uzito, huyu ameacha ugali, yule anafunga saa 16 kwa siku, mwingine anakwepa mafuta. Ufuate njia ipi?

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa miezi 12: waliopunguza mafuta na waliopunguza wanga walipungua karibu sawa. Basi chagua njia utakayodumu nayo. Punguza tonge, ongeza mboga na maharage. Michembe ya viazi vitamu na asali, kwa kiasi. Mwenye kisukari au mjamzito amuone kwanza mhudumu wa afya.

Ni kama wapagazi wa misafara ya zamani waliopita Unyamwezi wakielekea Ujiji: walifika kwa mwendo wa kila siku, si kwa mbio.